Barua kutoka Munich: Waliotutoka Tarehe 5 Septemba

Munich, Ujerumani
5 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo nyumbani. Mimi huku ni mzima, kazi inaendelea, na baridi bado haijaanza kuuma. Barua yako niliipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Nitaijibu humu humu, ila itabidi univumilie kidogo, maana leo moyo wangu umejaa habari za watu waliokufa, na wote walikuwa watu wa michezo kama wewe.

Mji huu ukifika tarehe hii hauwezi kujifanya haujui ni siku gani. Unajua Olimpiki ya mwaka 1972 ilifanyika hapa. Uwanja upo mpaka leo, na lile paa lake linalofanana na hema kubwa la kioo linaonekana kutoka mbali. Kijiji cha wanamichezo nacho kipo. Watu wa kawaida wanaishi humo, wanafunzi wamepanga kwenye vile vyumba, watoto wanaendesha baiskeli vichochoroni. Kuna barabara humo inaitwa Connollystraße, kwa heshima ya James Connolly, Mmarekani aliyeshinda mruko wa hatua tatu mwaka 1896 na kuwa bingwa wa kwanza kabisa wa Olimpiki za kisasa. Nyumba namba 31 kwenye barabara hiyo ndiyo walimolala wanamichezo wa Israeli. Ukutani kuna bamba lenye majina.

Alfajiri ya tarehe 5 Septemba 1972, yapata saa kumi na dakika kumi, watu wanane wa kundi la Wapalestina lililojiita Septemba Nyeusi waliruka ua wa kijiji na bunduki ndani ya mabegi ya michezo. Majina yao sitayataja. Ninayotaka uyajue ni ya wale waliokuwa wamelala.

Moshe Weinberg alikuwa kocha wa mieleka, na nyumbani alimwacha mtoto mchanga. Alipambana nao na wakamuua. Yossef Romano alikuwa mnyanyua uzani, mzaliwa wa Libya, baba wa mabinti watatu. Goti lilikuwa limemharibika mashindanoni na alikuwa akitembea kwa mikongojo. Alikuwa karibu kusafiri kurudi nyumbani kwenda kufanyiwa upasuaji. Naye, na goti lake hilo, aliwarukia wenye bunduki. Hao wawili walikufa tarehe 5 yenyewe, ndani ya nyumba ile. Wenzao tisa walishikwa mateka mchana kutwa, na usiku wakapelekwa kwa helikopta hadi uwanja wa ndege wa kijeshi wa Fürstenfeldbruck, nje kidogo ya mji. Huko polisi walijaribu kuwaokoa wakashindwa vibaya. Ilipopita saa sita usiku wote tisa walikuwa wameuawa, pamoja na polisi mmoja Mjerumani, Anton Fliegerbauer.

Katika bustani ya Olimpiki, kati ya kijiji na uwanja, kuna kilima cha nyasi ambacho wamekikata ubavuni kama mtu aliyekata kipande cha mkate, na ndani ya pengo hilo wamejenga mahali pa kumbukumbu. Palifunguliwa mwaka 2017, yaani miaka 45 baadaye. Hakuna mlango wala tiketi. Katikati imesimama nguzo ya pembe tatu, na juu yake kuna picha na maisha ya kila mmoja wa wale kumi na wawili: alizaliwa wapi, alifundisha nini, alimpenda nani. Nilikaa pale muda mrefu. Kuna kijana wa miaka 18, Mark Slavin, mwanamieleka aliyekuwa amehamia Israeli kutoka Minsk miezi michache tu kabla. Kuna David Berger, mnyanyua uzani aliyezaliwa Marekani na kusomea sheria. Kuna Andre Spitzer, kocha wa mchezo wa vitara, miaka 27. Mkewe, Ankie, amesimulia mara nyingi jinsi Andre alivyowaona wanamichezo wa Lebanon siku chache kabla ya shambulio, akawaendea kuwasalimia na kuwauliza matokeo yao, huku yeye mke akiogopa kwa sababu nchi hizo mbili zilikuwa maadui. Walimpa mkono. Alirudi uso umemng'aa, akasema hilo ndilo alilokuwa akiliota kuhusu Olimpiki.

Na kuna Amitzur Shapira, kocha wa riadha. Huyu nilimsoma nikikuwaza wewe. Alikuwa amemlea msichana mmoja, Esther Roth, mkimbiaji wa kuruka viunzi, na hapa Munich msichana huyo alikuwa amefuzu nusu fainali ya mita 100 kuruka viunzi. Hakuikimbia. Kocha wake alirudishwa nyumbani ndani ya jeneza. Miaka minne baadaye, Montreal, Esther alirudi kwenye viunzi akafika fainali na kumaliza wa sita. Nadhani wewe unaweza kuelewa kuliko mimi mtu anasimamaje tena kwenye mstari wa kuanzia baada ya jambo kama hilo.

Ukitoka pale unatembea dakika chache tu unafika uwanjani, na hapo ndipo mambo yetu yanapoingia. Katika uwanja huu huu, tarehe 2 Septemba, John Akii-Bua wa Uganda alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwenye njia ya kwanza, ile ya ndani ambayo wakimbiaji wote wanaichukia kwa kona zake kali, akashinda kwa sekunde 47.82 na kuvunja rekodi ya dunia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Siku mbili baadaye, tarehe 4, Kipchoge Keino akashinda mita 3000 kuruka viunzi na maji, Ben Jipcho akimfuata, dhahabu na fedha zote za Kenya. Furaha hiyo haikupata hata usiku mmoja mzima. Kabla hakujapambazuka, risasi zikalia kijijini.

Michezo ilisimamishwa kwa muda wa siku moja na kitu. Tarehe 6 ikafanyika ibada ya maombolezo uwanjani, na rais wa Kamati ya Olimpiki, Avery Brundage, akatangaza kwamba michezo lazima iendelee. Ikaendelea. Wajane na watoto wakabaki kuomba kitu kidogo, dakika moja ya kimya katika sherehe za ufunguzi, na wakakizungushwa kutoka Olimpiki moja hadi nyingine mpaka Tokyo, Julai 2021. Miaka 49 ya kuomba dakika moja! Ankie Spitzer alikuwa mama kijana alipoanza kuomba, akawa bibi mzee alipopewa. Mwaka uliofuata rais wa Ujerumani, Steinmeier, akasimama Fürstenfeldbruck tarehe 5 Septemba na kuomba msamaha kwa kushindwa kuwalinda wale watu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kinachonikosesha usingizi kuhusu Munich ni kwamba waliambiwa. Polisi wa mji walikuwa na mwanasaikolojia aliyeitwa Georg Sieber. Kabla ya michezo alipewa kazi ya kufikiria mabaya yote yanayoweza kutokea, akaandika visa 26. Kisa cha 21 kilikuwa hiki: saa kumi na moja alfajiri, Wapalestina wenye silaha wanaruka ua, wanavamia jengo la Waisraeli, wanaua mateka mmoja au wawili, wanadai wafungwa waachiliwe na wapewe ndege. Karibu kila kitu kilikuja kutokea kama alivyokiandika. Lakini wenye mji walitaka michezo ya furaha, ya kuusahaulisha ulimwengu ile Olimpiki ya Hitler ya mwaka 1936. Walinzi wakavalishwa sare za rangi ya anga na hawakupewa bunduki. Kisa cha 21 kikabaki karatasi.

Nilipokuwa nikizitafuta habari za tarehe hii nikakutana na mwingine, naye ana karatasi yake. Jochen Rindt, dereva wa langalanga. Alizaliwa Mainz hapa Ujerumani mwaka 1942, wazazi wake wakauawa na mabomu ya vita angali mchanga, akalelewa na babu na bibi yake kule Graz, akawa anashindania Austria. Mimi mambo ya magari siyajui sana na wewe pia hayakuhusu, kwa hiyo nitayapita haraka. Mwaka 1969 alipata ajali mbaya mjini Barcelona baada ya bawa la gari lake kuvunjika. Akamwandikia barua mwenye timu ya Lotus, Colin Chapman, kumweleza kwamba magari yake ni mepesi mno na sehemu zake ni dhaifu, na kwamba imani yake kwayo inakaribia kwisha. Barua hiyo ipo, inasomwa mpaka leo. Msimu uliofuata, ndani ya gari la timu hiyo hiyo, akashinda mashindano matano. Halafu tarehe 5 Septemba 1970, akifanya majaribio kwenye uwanja wa Monza, Italia, shafti ya breki ikakatika, gari likapinda likajipigiza kwenye reli za chuma, na Rindt akafa. Alikuwa na miaka 28. Alama alizokuwa nazo hakuna aliyezifikia mpaka msimu ukaisha, na kwa hiyo akatangazwa bingwa wa dunia mwaka huo, bingwa pekee wa langalanga aliyevikwa taji akiwa kaburini. Kombe alilipokea mkewe, Nina.

Huyo alijiandikia onyo mwenyewe, kwa mkono wake, akalipeleka kwa mtu anayehusika. Kisha akapanda tena gari, kwa sababu lilikuwa gari la kushinda. Simlaumu. Mwanamichezo akiwa na nafasi ya kuwa bingwa, nani atamwambia ashuke? Wewe ungeshuka?

Nimefika kwa yule ambaye kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu. Mwaka mmoja uliopita, alfajiri ya tarehe 5 Septemba 2024, Rebecca Cheptegei alifariki katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Umri miaka 33. Hapa Munich leo sikusikia mtu akimtaja, na siwalaumu, maana wana maiti wao wa kuwalilia. Kwa hiyo nimemtaja mimi, pale pale kwenye kilima, polepole.

Ulimwengu unamjua Rebecca kwa namna alivyouawa. Ukiulizia jina lake unaambiwa moto kabla ya kuambiwa mbio. Hilo linaniumiza, kwa hiyo naanza na mbio. Alikuwa Mganda, askari wa jeshi la nchi yake, na miguu yake ilijua milima. Novemba 2022, kule Chiang Mai, Thailand, alichukua dhahabu ya dunia katika mbio za milimani, zile za kupanda na kushuka. Mwezi uliofuata akaenda Abu Dhabi akakimbia marathoni kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 47. Unajua wewe maana ya muda huo. Watu wa nje wanasikia namba tu, wewe unasikia asubuhi zote zilizotangulia. Mwaka 2023 alikuwa wa 14 katika mashindano ya dunia Budapest. Tarehe 11 Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris, ile njia yenye vilima vya kukata pumzi, akamaliza wa 44. Wa 44 katika Olimpiki! Ni wangapi wanaofika hata mstari wa kuanzia?

Alipotaka kukaa karibu na maeneo ya mazoezi ya Kenya, alinunua ardhi kaunti ya Trans Nzoia, upande wa Endebess, akajenga nyumba. Kwa jasho lake mwenyewe. Na ardhi hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi. Ripoti ya wakuu wa eneo ilisema yeye na mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye walikuwa wakigombania hapo nyumba ilipojengwa. Tarehe 1 Septemba, Jumapili, wiki tatu kamili baada ya Paris, Rebecca alirudi kutoka kanisani na mabinti zake wawili. Mwanamume huyo alikuwa anamvizia na dumu la petroli. Alimmwagia na kumwasha moto, na watoto wanaona. Zaidi ya robo tatu ya mwili wake iliungua. Alipigania maisha siku nne. Yule aliyemchoma aliungua pia, akafa siku chache baadaye hospitali ile ile. Jina lake nalo silitaji.

Walimzika Bukwo, kwao Uganda, tarehe 14 Septemba, kwa heshima za kijeshi. Meya wa Paris alitangaza kwamba mji wake utaliweka jina la Rebecca kwenye kiwanja cha michezo. Ni jambo jema na ninalishukuru. Lakini baba yake aliwaambia wanahabari jambo ambalo mimi naona lingeandikwa kwenye mawe kabla ya jina: kwamba malalamiko dhidi ya yule mtu yalikuwa yamepelekwa polisi, zaidi ya mara moja, na la mwisho siku chache tu kabla ya petroli.

Unaona sasa kwa nini nimewaweka hawa pamoja? Karatasi ya Sieber, barua ya Rindt, malalamiko ya Rebecca. Watu wa visa hivi vitatu hawakujuana. Mmoja aliuawa na chuma, wengine na siasa za mataifa, mwingine na mtu aliyekuwa akila naye. Lakini kila mahali kulikuwa na mtu aliyesema mapema, akasikika, na yule aliyesikia akaona kusubiri ni rahisi kuliko kusumbuka.

Kati ya hao wote nadhani njia ya Rebecca ndiyo ilikuwa nyembamba zaidi. Mwaka 1972 dunia nzima ilikuwa ikitazama kwenye televisheni. Monza palikuwa na mahakimu na wachunguzi waliokikagua kila kipande cha gari. Mwanamke anayegombezwa kwenye kiwanja chake mwenyewe, majirani wanasema ni mambo ya nyumbani.

Wala Rebecca hakuwa wa kwanza. Agnes Tirop humkumbuki? Ulikuwa mdogo lakini ulibandika picha yake ukutani. Bingwa wa dunia wa mbio za nyika akiwa na miaka 19, Guiyang, mwaka 2015, na medali za shaba mbili za mita 10,000 za dunia. Tarehe 12 Septemba 2021 alikuja kukimbia hapa hapa jimbo la Bavaria, katika mji mdogo wa Herzogenaurach, akavunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake peke yao, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe akakamatwa na kushtakiwa. Walimzika tarehe 23 Oktoba. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Angetimiza miaka 26. Miezi sita baadaye, Iten hiyo hiyo, Damaris Mutua naye akakutwa ameuawa. Mara tatu katika miaka mitatu, mdogo wangu, na wote ni wanawake wa mbio, wenye pesa za miguu yao.

Sasa barua yako. Kurasa mbili umeniandikia mazoezi, viatu, na mbio unazozitarajia mwakani, na moyo wangu ulifurahi sana. Katikati umeweka maneno machache kuhusu kocha wako, kama mtu anayepita mbio asionekane. Kwamba zawadi ya mbio zilizopita ilipitia akaunti yake kwa sababu yeye ndiye anayejuana na mawakala. Kwamba lile shamba mnaloliangalia litaandikwa jina lake kwanza, ili mambo yaende haraka. Kwamba siku ile nilipokupigia na simu ikakatika, aliichukua mkononi mwako. Halafu ukamaliza kwa kuniambia, "Usijali dada, ni hasira tu, zinapita."

Mimi nimejali. Huenda ni mtu mwema mwenye hasira za kupita, simjui na sitamhukumu kutoka mbali. Lakini maneno yako hayo nimeyasoma kama yale malalamiko aliyoyasema baba yake Rebecca, na mimi sitaki kuwa yule anayesikia akanyamaza.

Ninakuomba haya, na usiyaahirishe hadi msimu uishe. Fungua akaunti yako benki, kwa jina lako peke yako, namba ya siri uijue wewe tu, na mbio ijayo uwape waandaaji namba hiyo. Mkataba wowote na wakala uusome mwenyewe, nakala uiache kwa Mama. Shamba, kama hujalipa, subiri. Kama umelipa, nenda ofisi ya ardhi na mjomba, mfanye upekuzi mjue limeandikwa kwa nani, na hati miliki itoke kwa jina lako. Kocha anastahili malipo yake ya ukocha, na uyamlipe kwa haki, kwa risiti. Shamba si malipo ya ukocha. Akikasirika kwa hilo, utakuwa umepata jibu, na hapo uondoke siku hiyo hiyo urudi kwa Mama, mazoezi yatakungoja.

Baada ya kifo cha Agnes, wanariadha wenzake walianzisha kundi linaitwa Tirop's Angels, kwa ajili ya mabinti waliomo kwenye hali kama hii. Wanaijua dunia yenu ya kambi, mawakala na makocha kuliko mimi na mjomba. Watafute. Hata kama utaona huna la kuwaambia, nenda ukakae nao tu, uwasikilize.

Nimemwandikia Mama barua yake, nimemweleza kidogo, si yote. Mengine umweleze wewe mwenyewe, jioni mkiwa wawili. Usimwogope, atalia kidogo kisha atasimama nawe. Mjomba nitampigia simu keshokutwa. Nikikupigia wewe na simu isipopokelewa, nitampigia yeye saa hiyo hiyo aje mpaka mlangoni, kwa hiyo usishangae.

Nimekutumia viatu vya mazoezi, vile vyepesi ulivyotaka, pamoja na soksi. Mpe Mama shali ya kijivu, na ya kahawia ni ya shangazi. Niandikie upesi, na la shamba unijibu kabla ya mengine yote.

Dada yako akupendaye.